Ule Waya Mweupe

Kahororo, Bukoba
Jumatatu, 2 Juni

Mpendwa Kaka Aristides,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na maharage yako huko Ngenge, na kwamba mvua imekuwa na adabu mwaka huu. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, isipokuwa goti lake la kushoto, ambalo siku hizi analitumia kutabiri hali ya hewa. Kila likimwuma anatuambia tuanue kahawa, tunaanua, na jua linawaka hadi jioni. Je, ile malaria ya mwezi wa tatu ilikuacha kabisa? Na yule ng'ombe mwenye mimba, alizaa salama? Nijibu yote mawili, maana Mama hunisumbua mimi kana kwamba ndimi niliyempandisha.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati sote tuna simu. Sababu unaijua. Mara tatu nimejaribu kukueleza jambo kwa simu, na mara zote tatu nilipofika kwenye neno tela, mtandao wa Ngenge ukakatika. Ni mtandao gani huo unaochagua maneno, kaka? Karatasi haina kitufe cha kukata, kwa hiyo nimeandika, na Mwalimu Byarugaba ameahidi kukukabidhi mkononi akija huko kununua maharage. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma. Basi nasema: tela, tela, tela. Nimeshalitaja, na wewe bado hujafa. Tafadhali usiikunje barua hii.

Tangu ajali ile ya siku ya msiba wa Mzee Rutaihwa, tela la chama chetu cha kuzikana lilikuwa limelala nyuma ya nyumba ya Mama Joanitha, mwenyekiti, kuku wakitaga ndani yake. Miaka miwili viti, turubai na masufuria ya misiba vimebebwa vichwani. Mwezi uliopita kijiji chetu, Buganguzi, kilipata misiba miwili katika juma moja, na lile sufuria kubwa la kupikia ebitoke, ndizi zetu, likamwangukia mama mmoja kwenye dole gumba la mguu akipanda kilima. Hapo Mama Joanitha akasema imetosha, tela litoke. Mwalimu Byarugaba akakubali pikapu yake ilivute tena, ila kwa sharti moja: taa zote zikaguliwe na zipimwe mbele ya watu. Nikapigiwa simu mimi, kwa kuwa ndiye fundi umeme wa magari pekee aliyezaliwa pale kijijini, na kwa kuwa ndimi niliyezifunga mara ya kwanza.

Nilifika Jumamosi, siku tisa zilizopita, asubuhi, na sanduku langu la vifaa. Mama alinipa akamwani, zile punje za kahawa, nikatafuna huku nikiwafukuza kuku. Kisha tukafanya kama ulivyotufundisha wewe: mtu mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya tela akitangaza anachokiona. Mwalimu akaketi kwenye usukani. Kazi ya kutangaza akaing'ang'ania Mama Joanitha, ambaye sauti yake unaijua, kwa hiyo watu wa mpaka ng'ambo ya bonde walipata habari zetu. Nikachomeka plagi ya tela kwenye soketi ya pikapu, ikalia ta, nikamwomba Mwalimu awashe indiketa ya kulia.

Mama Joanitha akatangaza kwamba, waitu, jamani, zinapepesa zote mbili, ya kulia na ya kushoto, na hata zile ndogo nyekundu zinapepesa nazo, kwa uvivu, kama watu wanaosinzia kanisani. Nikamwambia Mwalimu azime hazadi, ile tahadhari inayopepesa pande zote mbili, nimeomba indiketa ya kulia tu. Mwalimu akaapa kwamba hazadi hajaigusa. Sikumwamini, nikaenda kuchungulia mwenyewe, na kweli nikakuta mkono wa indiketa uko upande wa kulia peke yake. Nikamwomba akanyage breki. Taa za breki za pikapu zikawaka barabara, lakini za tela zikakataa kabisa. Badala yake zile ndogo zikapata wekundu hafifu ambao sikuuona mpaka nilipoziba jua kwa kiganja.

Unanijua nilivyo. Kitu kikifanya kituko mbele yangu, hata chai hainipiti kooni. Si mimi niliyeifungua redio ya Baba nikitafuta walikokaa waimbaji, ukachapwa wewe kwa sababu bisibisi ilikutwa chini ya kitanda chako? Basi nikaanza. Nilibadilisha balbu moja baada ya nyingine, zikawa nzima zote. Nikafungua plagi, nikakuta nyaya nne zimekaa mahali pake kama nilivyoziacha. Nikafuata kila waya kwa vidole toka mbele hadi nyuma nikidhani panya ameguguna, nikapata manyoya na yai moja bovu. Mama aliniita mara mbili nikale, ebitoke vikapoa, akaja kunisimamia huku amejishika kiuno. Aliniuliza kama hizo taa ni wagonjwa au ni walevi. Nikamwambia bado sijui, na ukweli, kaka, nilikuwa na furaha. Sijapata kitendawili kizuri kama hicho tangu mwaka uanze.

Mwishowe nikachukua testa, ile taa ndogo ya kupimia yenye waya na kibanio. Nikabana kibanio kwenye chuma cha pikapu, nikagusa njia ya indiketa, testa ikawaka. Nikabana kwenye chuma cha tela, nikagusa pale pale, ikakataa. Nikarudia mara tatu. Hapo nikajua kwamba tela halina ethi.

Nikueleze kama nilivyomweleza Mama. Umeme una tabia ya mtu wa kwetu: hatoki nyumbani bila njia ya kurudi. Ukitoka kwenye betri ukaenda kuwasha taa, lazima urudi kwenye betri ile ile, na njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi tunaita ethi. Njia ikizibwa, umeme haukai kitako kulia. Unapenya kwenye vibanja vya majirani. Unaingia kwenye taa ya kushoto ambayo hukuiwasha, unapita kwenye zile ndogo nyekundu, unarudi nyumbani kwa kuzunguka huku umechoka. Ndiyo maana ukiwasha moja zinapepesa zote, na zote hafifu.

Swali likawa nani ameziba njia. Tela lile lilikuwa linarudisha umeme kupitia chuma chake lenyewe: fremu, mkono wa mbele, hadi kile kikombe cha chuma kinachoikalia ile nundu ya kuvutia iliyo nyuma ya pikapu. Nikachungulia ndani ya kikombe. Kaka, kilikuwa cha buluu! Buluu ya Bikira Maria, mikono mitatu ya rangi, imekauka na kung'aa. Utakumbuka padre alipopangiwa kuja kulibariki tela, akina mama walilipaka rangi siku nzima, na Mama yetu akashika brashi ya mbele. Mama hajui kupaka kidogo. Alipaka pembe, akapaka boliti, akaingiza brashi mpaka ndani ya kikombe ili Mungu asikute kutu. Padre akalibariki Jumapili, na Alhamisi yake ndipo ukalivuta kwenda kwa Mzee Rutaihwa. Mimi nilizipima taa kabla ya rangi. Baada ya rangi hakuna aliyezipima.

Nikakwangua kwa kisu ndani ya kikombe mpaka chuma kikaonekana cheupe, nikaisugua na nundu ya pikapu, tukaunganisha tena. Indiketa ya kulia ikapepesa kulia tu. Breki zikawaka nyekundu hadi kuku wakakimbia. Akina mama wakapiga vigelegele, Mwalimu akapiga honi. Mimi peke yangu sikushangilia. Nilikuwa nimekaa chini kwenye nyasi, kwa sababu yale maneno ya Mama Joanitha, kwamba zinapepesa zote mbili, nilikuwa nimewahi kuyasikia.

Najua hupendi, lakini nivumilie nikurudishe siku ile. Ilikuwa mchana wa mvua nyepesi. Pikapu ilikuwa mbele, tela nyuma, na viti vimepangwa juu hadi vikaziba taa za pikapu, kwa hiyo aliyekuwa nyuma aliona za tela tu. Ulikuwa unakata kulia kuingia kwa marehemu. Yule Riyadhi, mwendesha bodaboda wa Bukoba mjini, alikuwa nyuma yako, akatoka kulia kukupita, akaligonga tela ubavuni, mguu ukavunjika. Alipoulizwa akasema aliona taa zote za tela zinapepesa, akadhani umewasha hazadi unaegesha kushoto. Wewe ukasema uliwasha ya kulia tu. Kila mmoja akamwona mwenzake mwongo. Kisha mtu akaikuta plagi inaning'inia kwenye matope, na wazee wakapata jibu rahisi: Aristides hakuchomeka, tela halikuwa na taa hata moja, na Riyadhi anaweweseka kwa maumivu.

Ulipoulizwa mara ya kwanza ulisema umechomeka, umesikia ikilia ta. Ulipoulizwa mara ya kumi ulisema labda hiyo ta ilikuwa ya safari nyingine. Nilikuwapo nikikusikia. Ukatozwa mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, jina lako likaondolewa kwenye madereva wa chama, ukarudisha funguo za pikapu, ukahamia Ngenge na baiskeli. Krismasi mbili hujaja, misiba tisa hujaonekana. Watu wa kwetu wanavyomsema mtu asiyezika wenzake, sina haja ya kukuandikia.

Sasa fikiri pamoja nami. Tela lisilochomekwa haliwezi kupepesa hata ukope mmoja. La kwako lilipepesa, zote kwa pamoja, kwa uvivu, na Riyadhi aliliona. Basi lilikuwa limechomekwa. Plagi iling'oka baadaye, tela lilipopindishwa na lile pigo. Ulisema kweli, na yeye alisema kweli.

Jumatatu iliyofuata nilimtafuta. Ana kibanda cha vipuri vya pikipiki karibu na soko, anatembea kwa kuyumba kidogo, lakini anatembea. Nilimweleza kama nilivyokueleza. Akaniomba nirudie. Niliporudia akamwita mkewe, Zuena, atoke nyuma aje asikie kwa masikio yake, kwa sababu miaka miwili hata yeye humwambia kwamba aliota. Akaniambia kwamba mguu alishausamehe zamani, lakini jina la mwongo lilikuwa likimwuma kuliko mguu. Akauliza habari zako. Nilipomwambia kwamba huendeshi tena, akatikisa kichwa, akasema angependa kuziona hizo taa zikifanya uhuni wao mbele ya wale wazee.

Basi jana Jumapili, baada ya Misa, alikuja Buganguzi. Chama kilikuwa kimekaa. Nikaliunganisha tela na pikapu, nikaweka kipande cha nailoni ndani ya kikombe ili chuma kisigusane na chuma, nikawaomba wote waje nyuma waangalie. Mwalimu akawasha ya kulia. Zikapepesa zote. Riyadhi akanyoosha kidole, akasema ndizo hizo, wallahi ndizo hizo, kisha akaziba mdomo kwa mkono na machozi yakamtoka. Wazee wakainama mmoja mmoja kuchungulia, hata wale waliokuwa wakali zaidi kwako. Mmoja aliuliza kama zinaweza kupepesa hivyo bila kuchomekwa. Nikachomoa plagi, zikafa. Nikachomeka, ikalia ta, zikapepesa.

Watu wakaanza kucheka kwa ahueni. Mtu akamtania Mama kwamba brashi yake ina nguvu kuliko polisi wa barabarani. Wote wakacheka, Mama hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yake. Nilimwona anavyoigeuza, juu na chini, kana kwamba rangi bado ipo. Ndipo ilipobidi niyaseme mbele ya chama haya ambayo sasa nakuandikia wewe.

Rangi haina kosa, kaka, na Mama hana kosa. Tela halitakiwi kutegemea kikombe kurudisha umeme. Linatakiwa liwe na waya wake wa ethi, wa tano, unaopita kwenye plagi pamoja na wenzake, ili hata likipakwa lami usoni taa ziwake. Siku nilipolifunga, mimi mgeni wa kazi, nilikuja na nyaya tano. Ule mweupe ukawa mfupi, umepungua kama urefu wa mkono. Ningeweza kwenda Muleba kununua kipande. Lakini gari langu la kurudi Bukoba lilikuwa saa kumi, nikajaribu taa bila huo, zikawaka kwa sababu kikombe kilikuwa bado chuma kitupu, nikaona yamekwisha. Nikaukunja ule mweupe, nikaufunga chini ya fremu. Wewe ulikuwa umechuchumaa pembeni unashika tochi. Uliniuliza, na ule mweupe je? Nikakujibu kwamba huo ni wa akiba. Ukaniamini, kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Hilo ni la kwanza, na si ndilo linaloninyima usingizi. La pili ni hili. Mwaka jana, kabla ya Pasaka, lori lilikuja hapa gereji Kahororo na tela linalopepesa taa zote. Nilimaliza kazi kwa dakika kumi, ethi ilikuwa imekatika, na nilipokuwa nafuta mikono nikakumbuka maneno ya Riyadhi. Nikakumbuka waya mweupe. Pasaka nikaenda nyumbani, nikafika mpaka kwenye tela kwa Mama Joanitha, testa ikiwa mfukoni. Nilisimama pale. Nikaokota mayai mawili ya kuku, nikarudi kwa Mama nikayakaanga. Mimi ambaye sijawahi kuacha kitu bila kukifungua, hicho nilikiacha, kwa sababu nilikuwa najua kilichomo. Tangu Pasaka ile umekaa Ngenge mwaka mzima na zaidi ukiamini ulisahau kuchomeka, na mimi ningeweza kukutoa huko kwa testa moja. Nimekukosea, kaka. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Nikamaliza hapo. Kisha Mama Joanitha akanitoza mitungi ya rubisi sawasawa na ile uliyotozwa wewe, akasema itanywewa siku utakayokuwapo, si kabla. Jina lako limerudishwa kwenye madereva, lipo la kwanza. Riyadhi alinipa mkono, akaniambia kwa upole kwamba nitamfungia taa za pikipiki yake bure mpaka mmoja wetu azeeke. Mama hakunisemesha mpaka jioni. Aliponisemesha aliniambia niandike barua, niandike kila kitu, na nisijipake rangi. Akaongeza nikuambie kwamba hana mpango wa kufa karibuni, ila siku hiyo ikifika hataki viti vyake viletwe na mtu mwingine, na kwamba viti mia moja havibebeki kwenye baiskeli.

Sikuombi unijibu upesi. Redio ya Baba hukunisema, ukachapwa ukanyamaza, na mimi nikazoea. Safari hii nimejisema mwenyewe, nimechelewa, najua. Ukinikasirikia, njoo ukasirike hapa nyumbani, nitakuwapo.

Ule waya mweupe nimeuunganisha asubuhi hii kabla ya kurudi Bukoba, na nyongeza yake niliinunua kwa Riyadhi. Kipande kilichobaki nimekitia ndani ya bahasha hii. Ni kifupi, lakini kinatosha kukuonyesha kwamba sasa waya upo mahali pake.

Mama anakusalimu sana, Mwalimu atakusalimu mwenyewe, Riyadhi na Zuena wanakutumia salamu. Msalimie ng'ombe, na ndama kama yupo. Zile funguo za pikapu ulizozirudisha, Mwalimu amezitundika kwa Mama, kwenye msumari ulio juu ya picha ya Baba.

Na ile ta uliyoisikia, kaka, haikuwa ya safari nyingine. Ilikuwa ya siku ile ile.

Mdogo wako aliyekukosea,
Vestina